Depite Aliyekataa Kufuata Wengi

MAISHA YA WATU, MAFUNDISHO KWETU
Somo: 1 Wafalme 21:1-16, Kutoka 23:2

Mwezi huu tutazame maisha ya David Crockett wa Marekani. Wengi wanamujua kwa filme tu: bunduki mukononi, kofia ya ngozi kichwani. Lakini kuna siku moja katika maisha yake inayopita mambo yote ya bunduki.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1786 katika pori la Tennessee, mahali ambapo wazungu walikuwa wakisogeza mupaka wao kila mwaka ndani ya inchi ya wenyeji, wale tunaowaita Wahindi Wekundu. Baba yake alikuwa mutu wa madeni. David angali kijana, alitumika miezi sita kwa Bwana mumoja ili deni la baba la dola 36 lifutwe. Kisha akaenda kutafuta kazi kwa John Kennedy, mukristo wa Quaker. Kumbe huyu naye alikuwa anadai baba dola 40! Akamwambia: ukitumika miezi sita, nitakupa mukanda wa deni. Hakuna aliyemulazimisha, lakini David akakubali. Siku alipopeleka ule mukanda nyumbani, muzee akalia machozi. Na masomo yake? Miezi sita tu, siku ine kwa juma.

Wenyeji walikuwa wameua babu na bibi yake katika mwaka 1777. Yeye mwenyewe, toka 1813, alipigana vita na kabila la Creek chini ya Jenerali Andrew Jackson. Basi alikuwa na sababu ya kuchukia. Watu wakamupenda kwa maneno yake ya kuchekesha, wakamuchagua kuwa depite, na katika 1827 akaingia Bunge kubwa la Washington.

Mwaka 1830 Jackson, sasa Rais, akaleta sheria ya kuwahamisha wenyeji ngambo ya muto Mississippi. Kabila la Cherokee walikuwa na mashamba, na gazeti kwa lugha yao wenyewe, na kati yao wengi walikuwa wakristo. Lakini watu walitaka udongo wao kwa kulima pamba, na toka 1829 wachimbaji wengi wakakimbilia huko Georgia, sababu zahabu ilionekana. Wandugu wa mine, mambo haya hatuhitaji kuelezwa sana!

Sheria ilipita kwa kura 102 juu ya 97. Kati ya madepite wote wa Tennessee, Crockett peke yake alisema hapana. Wenzake walimuonya kwamba anajiharibu. Katika kitabu chake cha 1834 alieleza kwamba aliona sheria ile ni mubaya, na kwamba alitaka kura isiyomupatisha haya siku ya hukumu.

Alilipa. Katika uchaguzi wa 1831 watu wake wakamuangusha. Akarudi 1833, akaanguka tena 1835, akaenda Texas, na huko akafa vitani, Alamo, tarehe 6 Machi 1836. Na Cherokee? Katika 1838 askari waliwatoa nyumbani kwa nguvu. Inahesabiwa kwamba watu karibu 4.000 walikufa kwa njia ile na katika kambi, kwa baridi, njaa na magonjwa.

Tusimufanye mutakatifu. Alikuwa na watumwa, na wakati wa uchaguzi aliwanywesha watu pombe. Hata hivyo tunajifunza:

1. Uaminifu unaanza na mambo madogo. Kijana aliyelipa deni lisilo lake, ndiye aliyeweza baadaye kulipa bei ya zamiri yake.

2. Kura moja inaweza kushindwa, lakini haipotei mbele ya Mungu. Usiseme: mimi peke yangu nitafanya nini?

3. Shamba la Naboti lingali linatamaniwa. Leo kijiji kinahamishwa kwa sababu kuna shaba au kobalti chini yake, na anayetakiwa kutia sahihi ni chifu, ni karani wa kampuni, pengine ni muzee wa kanisa. Wazee wa mji wa Naboti walijua kwamba hana kosa, lakini walifuata mukanda wa Yezebeli. Kila mutu alitia mukono wake kidogo, na damu ikamwangika.

Kwa kuzungumza nyumbani: Baba, mama, wakikuletea franga ili ukubali jirani aondolewe pasipo haki, utajibu nini? Na watoto wetu watajifunza jibu lile wapi, kama si mezani petu?

Bwana atupe kinywa cha kusema hapana kwa wakati wake. Amina.