Viwanja vya Kolwezi Virejeshwe kwa Umma

Ni rai yetu kwamba siha ya watu wa Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, haitahifadhika mpaka viwanja vya michezo na njia za waendao kwa miguu zihesabiwe kuwa haki ya raia, wala si fadhila.

Tangu mji ulipoasisiwa mwaka 1937, kampuni ya madini ya Union Minière, na baada yake kampuni ya Gécamines, pamoja na kuwatumikisha watu kazi nzito, ziliwajengea wafanyakazi viwanja na vilabu; lakini Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya 1990, na maelfu ya wafanyakazi wake wakaondoka kazini kuanzia mwaka 2003, matunzo hayo yakafifia.

Leo kijana mmoja hujitaabisha shimoni akitafuta kobalti, kazi iuchoshayo mwili bila ya kuujenga, na mwenzake hushinda juu ya pikipiki. Shirika la Afya Duniani lausia mtoto apate dakika 60 za harakati kila siku. Atazipata wapi, ikiwa mtaani Kasulo ardhi imechimbwa hata chini ya nyumba za watu?

Wenye mamlaka, na wenye migodi wanaoneemeka kwa ardhi hii, watenge kiwanja katika kila mtaa, wakihifadhi kwa sheria kisije kikauzwa, na waanze mwaka huu.