Merikebu ya Matembezi: Hesabu Kabla ya Tikiti



Jumapili moja baada ya Misa alitujia nyumbani mwalimu mmoja mzee, pamoja na mkewe. Mwakani watatimiza miaka 50 ya ndoa. Watoto wao watano, ambao watatu wanakaa Ubelgiji, wameungana kuwapa zawadi: safari ya baharini. Mwalimu aliweka mezani karatasi zenye picha za rangi, akavua miwani, akasema: «Ninyi mmesafiri baharini mara nyingi. Watoto wametoa akiba yao ya miaka miwili. Tuambieni iliyo njema kati ya hizi, tusije tukala bure jasho lao.»

Tulizichukua karatasi zile, tukakaa nazo hata saa ya chakula. Na kwa kuwa twajua ya kwamba familia nyingine nazo huletewa zawadi ya namna hiyo na watoto walio Ulaya, twaona yafaa tuwaelezeni jinsi tulivyozipima.

Wazee wa Kongo wakisikia neno merikebu hukumbuka zile za kampuni ya Ubelgiji zilizotoka Anvers zikifika Matadi, njiani zikipita Tenerife na Lobito: Albertville, Jadotville, Baudouinville, Charlesville. Hizo zilikuwa na kazi ya kumfikisha mtu kule anakokwenda, pamoja na barua na mizigo. Baadaye ndege ziliwanyang'anya abiria wao. Jadotville na Baudouinville ziliuzwa kwa Waingereza mwaka 1961. Charlesville, iliyoundwa mwaka 1951, iliuzwa kwa Ujerumani ya Mashariki mwaka 1967, ikafanywa shule ya mabaharia huko Rostock. Mwishowe ilizama karibu na pwani ya Poland mwezi wa Mei mwaka 2013, ilipokuwa ikivutwa kwenda kuvunjwa. Wako wazee walioipanda ambao hawakupata kamwe habari hiyo.

Merikebu ya matembezi ya siku hizi ni kitu kingine. Mara nyingi humrudisha mtu palepale alipopandia. Kinachouzwa si kufika, bali ni siku zenyewe. Kwa hiyo asitosheke mtu kuuliza inakwenda wapi. Aulize kila siku itapitaje na itakula kiasi gani.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya bahari ya Karibea, kutoka Miami, katika mwezi wa Agosti. Picha yake ilikuwa ya merikebu mojawapo ya zile kubwa mno, ambazo wajukuu wa mwalimu walikuwa wamekwisha kuzipenda. Iliyoanza kazi mwezi wa Januari mwaka 2024, yaani Icon of the Seas, ina urefu wa meta 365, na huchukua wageni 5,610 wakilala wawili wawili chumbani. Vitanda vyote vikijaa wanafika 7,600. Hiyo si parokia moja, ni parokia kadhaa juu ya maji. Tani zake ni 248,663. Watu wengi hudhani tani hizo ni uzito, lakini sivyo: ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya merikebu. Basi ziko hesabu nyepesi ambazo msafiri aliyezoea huzifanya kabla ya yote. Agawanye tani kwa idadi ya wageni, naye ataona kila mgeni ana nafasi kadiri gani. Kwa Icon of the Seas utapata 44. Kwa Queen Mary 2, yenye tani 149,215 na wageni 2,691, utapata 55. Iliyo ndogo ndiyo inayompa mtu nafasi zaidi. Tusidanganywe na ukubwa wa picha.

Lakini si ukubwa uliotufanya tuiweke karatasi ile kando. Mwenye pasipoti ya Kongo hana budi kutafuta kwanza viza ya Marekani, kisha kuuliza sheria za kila kisiwa. Na visiwa vingi vya kule hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa atokaye nchi zenye ugonjwa huo. Tena majira ya tufani katika bahari ile huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba, na mwezi wa Agosti umo katikati. Mara nyingi merikebu yenyewe haipatwi na hatari, kwa maana nahodha huikimbia tufani. Lakini akiikimbia hubadili bandari, na aliyelipa kwa ajili ya kisiwa fulani huenda asikione. Bei ya Agosti ikionekana nafuu, sababu mojawapo ndiyo hiyo.

Karatasi ya pili, tuseme kweli, ndiyo iliyotuvuta sisi wenyewe: pwani ya Norwe, kutoka Bergen mpaka Kirkenes na kurudi, siku 12, bandari 34. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1893 kwa ajili ya barua, mizigo na watu wa vijiji vya pwani, na hata leo merikebu zake hupakia mizigo na kuteremsha abiria usiku wa manane. Msafiri hulala chumbani, akasikia minyororo na sauti za watu gatini, akajua kwamba maisha ya wengine yanaendelea. Wakati wa kiangazi, kule kaskazini, jua halizami kabisa. Wachezaji na waimbaji wa jukwaani hakuna. Lakini bei yake ni kubwa, na mama alipoambiwa habari ya upepo wa kule alijifunga kitenge chake vizuri zaidi, ingawa tulikuwa tumeketi juani. Hatukuendelea kumshawishi.

Ikabaki bahari ya Mediterania, usiku saba, kutoka Marseille. Hapo mwalimu aliweka kidole juu ya neno Roma, akasema amelifundisha miaka 38 darasani bila kuliona. Nasi tulikuwa na karatasi mbili za njia hiyo, zenye bei mbalimbali: moja ilipita Genova, Civitavecchia, Palermo, Palma na Barcelona, nyingine, iliyo nafuu, iliacha Palma ikapita La Goulette, bandari ya Tunis. Watoto walikuwa wameichagua ile nafuu.

Hapa yatupasa kusimulia aibu yetu. Miaka iliyopita tulilipa safari kutoka Pirée, katika Ugiriki, ambayo siku ya tatu ilipita Kuşadası katika Uturuki, kisha kurudi visiwa vya Ugiriki. Viza yetu ya Schengen ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Aliyetuuzia tikiti hakutuuliza neno, wala sisi hatukusoma. Gatini, msichana wa kampuni aligeuza kurasa za pasipoti yetu mara mbili, akamwita mkubwa wake, naye akatueleza kwa upole: mkitoka Schengen siku ya tatu, viza yenu imekwisha, hamtaweza kurudi Ugiriki. Hawakutupandisha. Hawakuturudishia hata senti moja, kwa kuwa mkataba ulisema hati za safari ni jukumu la abiria. Tulikaa juu ya sanduku letu tukaitazama merikebu ikiondoka, na watu wakitupungia mikono kwa furaha, wakidhani tumekuja kuwaaga jamaa.

Basi ile bei nafuu ya Tunis ingeweza kuwa ghali kuliko zote. Tuliwaambia wazee wetu: ama mpate viza ya kuingia mara nyingi, nayo ionekane imeandikwa hivyo pasipotini kabla hamjalipa senti, ama mchague njia ambayo bandari zake zote zimo ndani ya Schengen. Mwalimu aliinamisha kichwa. Viza zao mbili za zamani, za kwenda kuwaona watoto, zote zilikuwa za mara moja.

Kuhusu Roma tulikuwa na neno jingine. Makampuni huandika kwenye ramani majina ambayo watu wanayapenda. Panapoandikwa Roma, merikebu hufunga Civitavecchia, karibu kilometa 80 kutoka mjini. Florence huwa ni Livorno. Paris ni Le Havre. Na Berlin, mji usio na bahari hata kwa mbali, ni Warnemünde, zaidi ya kilometa 200. Merikebu ikifika saa moja asubuhi na kuondoka saa moja jioni, mtu aondoe saa ya kuteremka, saa za gari kwenda na kurudi, na saa ya kungoja kwa hofu asiachwe. Atabaki na muda wa kuitazama Basilika ya Mtakatifu Petro kwa haraka na kununua rozari. Kwa goti la mama, ambalo limevimba tangu mwaka jana, hiyo si sikukuu.

Lakini makampuni kadhaa ya bahari ile yanaruhusu watu kupanda katika bandari zaidi ya moja, kwa maana merikebu inazunguka kama gurudumu. Tukashauri hivi: wasipandie Marseille. Waende Roma kwa ndege, wakae siku nne katika nyumba ya watawa ipokeayo wageni, siku ya Jumatano mojawapo iwemo, ambapo Papa hupokea watu akiwapo mjini. Kisha wachukue treni mpaka Civitavecchia wapandie hapo, na usiku wa saba washukie hapohapo. Hivyo hawatakimbia, wala hawatategemea ndege ifikayo siku ileile ya kuondoka. Merikebu haingoji ndege iliyochelewa.

Sasa hesabu. Karatasi ilisema euro 599 kwa mtu. Tuliandika mfano wetu juu ya bahasha. Wawili ni 1,198. Malipo ya watumishi, ambayo makampuni mengi huyakata kila siku hata kama mtu hakuyaomba, tuseme 12 kwa mtu kwa siku: 168. Maji ya chupa na vinywaji, tuseme 15: 210. Matembezi mawili ya nchi kavu kwa 60: 240. Bima ya ugonjwa kwa 50: 100. Jumla 1,916. Kampuni ya pili ilitaka 850 kwa mtu, nayo watoto waliikataa bila kusoma. Lakini humo watumishi na vinywaji vilikuwa vimekwisha kulipwa. Kwa matembezi na bima ileile inakuwa 2,040. Tofauti iliyoonekana kuwa 502 imekuwa 124. Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu pia, alizirudia zote kwa kalamu yake kabla ya kukubali.

Bima wasiiache. Daktari wa merikebu hulipwa kila anapomwona mgonjwa, na bei yake si ya zahanati yetu. Dawa za mama za shinikizo la damu ziwe katika mfuko wa mkononi, kwa sababu masanduku huchukuliwa gatini na huenda yasifike chumbani mpaka usiku.

Chumba nacho kina elimu yake. Kilicho nafuu ni cha ndani, kisicho na dirisha. Si kibaya kwa mtu ambaye hukitumia kwa usingizi tu, ila giza lake ni zito, na mzee akiamka usiku hajui kama ni alfajiri. Tukasema kiwe na dirisha, katikati ya merikebu na chini kidogo, ambapo mawimbi hayasikiki sana, karibu na lifti kwa ajili ya goti. Wasichukue bei ile ambayo kampuni ndiyo huchagua chumba yenyewe. Sisi tulilala hivyo mara moja, chini ya ukumbi wa dansi, tukajifunza nyimbo zote.

Siku ya kwanza kuna mazoezi ya hatari, ambayo wengi huyaona kuwa usumbufu. Tarehe 13 Januari mwaka 2012 Costa Concordia iliondoka Civitavecchia hiyohiyo. Usiku ule iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, na watu 32 wakafa. Baadhi ya waliopanda siku ile walikuwa hawajafanya bado mazoezi, kwa kuwa sheria iliruhusu yafanyike ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2015 sheria yataka yafanyike kabla ya kuondoka au mara tu baada yake. Tuliwaomba wazee wetu waende kwa miguu yao mpaka kituo chao cha kukutania, wahesabu ngazi, na mama aone kama goti litaziweza.

Na iwe mwezi wa Mei, wala si Agosti, wakati joto linapochoma mawe ya Palermo na shule nyingi za Ulaya zimefungwa.

Jioni mwalimu alikunja bahasha yenye hesabu akaitia mfukoni. Juma lililofuata watoto waliandika kutoka Liège: wamekubali ile ya pili, bila Tunis, nao wataomba viza ya kuingia mara nyingi hata hivyo. Tarehe ya kupeleka pasipoti imekwisha kupatikana.

Mama alikuwa amenyamaza karibu muda wote. Mlangoni alituuliza kama inaruhusiwa kubeba mbabula ndogo na unga, apike bukari mwenyewe walau mara moja, kwa maana mumewe hashibi mkate. Tukamwambia hata pasi ya nguo hawairuhusu chumbani, kwa hofu ya moto. Alifikiri kidogo. «Basi,» alimwambia mwalimu, «utakula huko Roma hata ushibe.»