Fundi au Dalali?

Fundi anayekuagiza kununua ruta mpya kabla hajaitazama kompyuta mgongoni si fundi, ni dalali. Kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa vipande mara nyingi haina kabisa kadi ya Wi-Fi, hununuliwa kando. Kadi yenyewe huja na antena ndogo za kukazwa kwa mkono, na hizo ndizo husahaulika ndani ya boksi. Bila antena, hata ruta iliyo chumba kile kile hushikwa kwa taabu.

Mjukuu wangu, mwanachuo wa ualimu, alilipa fedha yake ya chakula "kupigiwa Windows upya", tena mara mbili! Kilichokosekana ni draiva tu, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Naam, draiva iko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo haipatikani. Hapo ndipo wanyonge hukamuliwa. Lakini simu ikiunganishwa kwa waya wa USB huigawia kompyuta intaneti, na draiva ikapakuliwa.

Chuoni niliwaambia walimu: kabla hujamwita mtoto mbumbumbu, mpime macho. Je, simu inapata Wi-Fi pale pale mezani? Ikipata, ruta haina kosa. Tafuta ndani ya kompyuta. Swali hilo halina gharama, na ndiyo maana haliulizwi. Mimi nataka lifundishwe vyuoni, kwa vitendo, kompyuta ikiwa imefunguliwa mbele ya wanafunzi, kabla ya mihadhara mirefu ya "umuhimu wa TEHAMA".