Usifyeke Mpaka Wote

Mkulima, mtunguja ukiota katikati ya mimea yako ni gugu, ung'oe. Lakini ule wa mpakani una kazi. Unga wa ua lake umefungiwa ndani ya vifuko vya manjano vyenye matundu madogo nchani. Nyuki wa mzinga hawezi kuutikisa utoke. Yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye mbao hulikumbatia ua, hutetemesha mwili wake akivuma, na unga humwagika. Akaupeleka ua jingine, likazaa.

Mnyanya ni wa ukoo huo huo, na mtetemo huo huusaidia kuzaa vizuri. Ukichoma kila gogo kavu, unafukuza kibarua asiyedai mshahara. Acha magogo machache, wala usinyunyize dawa maua yakiwa wazi.