UCHAMBUZI: Debe si kilo, angalia usipunjike

GISIMENTI, Kigali – Mnunuzi wa hapa akikuagiza mahindi kwa tani, nawe umenunua Ngara kwa debe, nani anabeba tofauti?

Neno debe asili yake ni Uhindini, dabba, yaani kopo. Lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni 4, karibu lita 18. Mafuta yakiisha, bati likawa kipimo cha nafaka. Kabla yake watu wa pwani walipima kwa kibaba: vibaba 2 ni kisaga, vibaba 4 ni pishi. Wazee walitaja kabisa kama ni pishi ya mfuto, iliyosawazishwa juu, au yenye kichwa.

Vyote hivyo hupima ujazo, si uzito. Debe la maharage ni zito kuliko la alizeti. Mkulima akiuza debe lenye kichwa, kisha mlaji akapimiwa kopo la mfuto, kile kichwa kimebaki kwa mtu wa kati.

Msafirishaji naye yumo. Gunia la lumbesa halionyeshi kilo zake mpaka mizani ya barabarani, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hairuhusu gari na mzigo kuzidi tani 56.

Debe lina kazi yake gulioni. Lakini kabla ya kuvuka Rusumo, pima magunia kwa mizani, andika kilo kwenye mkataba, na bei iwe ya kilo.