Mwalimu Naye Akimbiliwe

Mwenzenu Jumamosi nilikwenda mbioni. Acheni kucheka, sikukimbia, nilidhamini.

Shule moja huku kwetu iliandaa mbio za watoto kuzunguka uwanja, kila mzunguko mdhamini unatoa shilingi 200. Nikachagua katoto ka dada yangu, kembamba, nikijua katachoka mapema. Thubutu! Mizunguko 19.

Kasheshe ikazuka ilipotangazwa kwamba hela si za madawati wala choo, ni za walimu kujiendeleza. Mzee mmoja akang'aka: "Kwani hawakusoma chuo?"

Shikamoo mzee, lakini aliyemaliza chuo 2005 hakufundishwa mtaala mpya ulioanza kuingia madarasani 2024. Serikali inayo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu wanakutana hapo hapo shuleni wanapeana ujuzi. Safi sana. Ila kudurufu ni hela, bando ni hela, na akiitwa kituo cha walimu kata ya jirani, nauli itoke mshahara ule ule?

Mie nina kidonda. Kidato cha nne mwalimu wetu wa baiolojia aliiruka jenetiki, eti tutajisomea. Mtihani ukaja nayo. Miaka baadaye tulikutana kwenye daladala, akaniambia hata yeye ilikuwa ikimsumbua na hakuwa na wa kumuuliza. Matokeo yangu msiniulize.

Yule mzee mwishowe alitoa elfu mbili, akadai risiti. Hapo nilimuunga mkono, na mimi nikadai yangu.