Funzo la Nauru

Juzi mwanafunzi wangu aliniuliza mji mkuu wa Nauru. Nilimjibu kwamba kisiwa hicho cha Bahari ya Pasifiki hakina mji mkuu rasmi. Bunge lake la wabunge 19 hukutana wilayani Yaren. Alicheka, nami nikaona heri nimweleze yale ambayo mitihani haiulizi.

Nauru ni jamhuri ya kilomita 21 za mraba na watu wapatao 12,000. Kuanzia 1907 wageni walichimba fosfati yake, wakarutubisha mashamba ya Australia na New Zealand. Baada ya uhuru wa 1968 wenyeji waliendeleza uchimbaji, wakatajirika mno. Madini yalipopungua, akiba ilikuwa imefujwa, na sehemu ya kati ya kisiwa imebaki miamba mitupu isiyolimika. Mwaka 2001 nchi hiyo ilikubali kulipwa na Australia ili iwazuilie waomba hifadhi.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu wenzangu, tusiwakaririshe watoto majina ya miji mikuu pekee. Tuwaulize pia: ardhi ikishachimbwa na kuuzwa, taifa litasimama wapi?